Alhamisi Chini ya Dirisha la Mama

Port-Aubert, Ijumaa 13 Juni 1986

Kaka Gaëtan,

Salamu kwanza, hasira baadaye. Ndivyo Mama alivyotulea. Huku sote wazima. Lison wangu ametimiza miezi minane na anaota jino la tatu, kwa hiyo nyumba nzima haina usingizi. Thibaud yuko baharini tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nimeolewa na mgeni, kaka: anakuja, anakula, analala, anaondoka. Mama anakula vizuri. Jina langu linampotea mara moja au mbili kwa siku, la mtoto halimpotei kamwe. Kinachonishangaza ni Alhamisi. Tangu mwaka jana, ikifika Alhamisi atataka avae blauzi yake ya bluu, asukwe nywele, akae dirishani. Siku nyingine zote hajui leo ni siku gani, ila Alhamisi anaijua. Nikimwuliza, "Mama, kuna nini leo?" ananicheka kama msichana.

Sasa jambo lenyewe.

Jana mchana nilikuwa naanika nepi kwenye kibaraza cha juu. Nikasikia watu chini, nikachungulia. Basi kubwa limesimama gatini, wazee wa Kiingereza kama arobaini wameshuka, katikati yao mwavuli wa njano umeinuliwa juu, na chini ya mwavuli ni wewe. Nikasema, leo kaka atapanda. Kisha nikasikia unachowaambia.

"Tazameni lile dirisha la pili, lenye pazia jeupe. Pale anakaa mjane wa mwisho wa Port-Aubert. Mumewe alichukuliwa na bahari miaka kumi na tano iliyopita, maiti haikuonekana, naye mpaka leo hajakubali. Kila siku anakaa pale akimngoja."

Kiingereza changu ni cha shule, lakini hicho nilikielewa. Na Mama je? Umesahau kwamba kabla ya kuolewa alifanya kazi za ndani Brighton miaka mitatu? Majina yetu yanampotea, Kiingereza kimebaki. Aligeuka kutoka dirishani uso umekuwa kama chokaa, akaniuliza, "Wanasema Firmin amekufa. Amekufa lini?" Nilikaa sakafuni nikamshika miguu. Akalia kilio cha mjane wa siku ya kwanza. Kilio kile nilikisikia nikiwa na miaka saba, Baba alipopotea. Sikutegemea kukisikia tena.

Halafu ni uongo, Gaëtan. Mama hakumngoja mtu. Alizika jeneza tupu siku ya Jumamosi, Jumatatu akarudi kwenye vibanda vya moshi kukausha samaki wa heringi, macho yanachuruzika, ili mimi na wewe tule. Ulikuwa na miaka kumi na saba, uliona. Na hao wageni wako hukuwaambia kwamba huyo mjane ndiye aliyekuzaa.

Walipiga picha. Nepi za mwanangu sasa ziko Uingereza. Bibi mmoja akaacha maua kwenye kizingiti chetu. Leo asubuhi Euphrasie muuza samaki ananipigia kelele toka mezani kwake, "We Clémence, mazishi ni saa ngapi? Mbona hamkutuambia?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, ningefanyaje?

Kutoka pale ulipokuwa umesimama hadi mlangoni kwa Mama ni vidato kumi na tisa vya ngazi. Hujapanda zaidi ya mwaka. Nijibu hilo moja tu: kwa nini?

Dada yako,
Clémence


Newhaven, 2 Julai 1986

Mdogo wangu Clémence,

Nimeipata barua yako nikitoka safari, nimeisoma nimesimama. Mbusu Lison mashavu yote mawili, umwambie mjomba wake anampelekea mdoli. Huku ni mvua na kazi. Nimepata chumba kipya, dirisha linatazama bandari. Asubuhi hewa ikiwa safi nadhani naona kwenu, ingawa najua ni mawingu.

Usinikasirikie hivyo. Jaribu kuielewa kazi yangu. Siku nane natembeza watu kutoka Rye, huku Uingereza, mpaka Honfleur, upande wenu. Nawaonyesha majabali meupe ya upande huu, tunavuka kwa feri, nawaonyesha majabali meupe ya upande wenu, nawaambia ni mkate mmoja uliokatwa katikati, bahari ndiyo kisu. Makanisa, masoko ya samaki, nyavu, majina ya waliozama yaliyochongwa ukutani. Wanasikiliza, wanaandika, wanasinzia. Lakini pale gatini kwetu ndipo wanapolia. Mwalimu mmoja mstaafu alinishika mkono akasema safari nzima ilikuwa kwa ajili ya dakika zile. Kampuni imeshaichapa hadithi hiyo kwenye karatasi ya ratiba.

Kwamba Mama anasikia, sikujua. Dirisha hufungwa kwa kawaida. Nitapunguza sauti.

Kupanda, nitapanda. Port-Aubert tunapewa dakika ishirini tu, na dereva ni mtu wa saa.

Hiyo blauzi ya bluu, ni kweli anaivaa kila Alhamisi?

Kaka yako,
Gaëtan


Port-Aubert, 9 Agosti 1986

Kaka Gaëtan,

Mdoli umefika, asante, Lison ameshaung'oa jicho. Ametambaa wiki hii kwa mara ya kwanza. Thibaud alikuwepo siku mbili, akaenda. Mguu wa mtoto haukumsubiri.

Barua yako niliiweka mwezi mzima bila kuijibu kwa sababu kila nilipoishika kalamu ilikuwa inatoboa karatasi. Niliuliza swali moja. Umenijibu kuhusu mkate na kisu.

Umepunguza sauti, kweli. Sasa wanaoongea kwa sauti ni wageni. Tarehe kumi Julai mzee mwenye kofia ya nyasi alimwonyesha Mama kidole, akamwambia mkewe, "Masikini, hajui kwamba amekufa." Mama akasikia. Alhamisi iliyopita tena. Kiangazi hiki Mama amefiwa na mume mara tatu, na mara zote tatu wewe ulikuwa chini unashika mwavuli. Hajui kwamba alishalia. Anaanza upya, na mimi naanza naye, mtoto kwenye paja hili, Mama kwenye lile. Unajua analotafuta akitulia? Ufagio. Anafagia magamba ya samaki, kama Baba ndiyo kwanza ameingia na mabuti yake machafu, maana yule bwana hakufuta viatu mlangoni siku hata moja, na Mama alimgombeza miaka yote ya ndoa yao. Anafagia sakafu safi.

Usiniambie habari za utamaduni. Mama si jabali. Jabali ukilitazama halikutazami.

Sasa sikia. Nimesema na masista wa Mtakatifu Aubert. Kila Alhamisi watampokea Mama, akae nao bustanini, amenye maharage, arudi jioni. Atatoka nyumbani saa nane u nusu mchana. Kwa hiyo wageni wako walete saa tisa kamili, si dakika moja kabla. Dirisha litakuwa tupu. Waambie uongo wowote unaotaka kuhusu dirisha tupu.

Ni vigumu kumtoa siku hiyo. Analilia kiti chake. Anasema, "Atakuja nisiwepo." Namwuliza nani, hasemi.

Clémence


Newhaven, 30 Agosti 1986

Mdogo wangu,

Saa tisa kamili. Nakuapia. Nimemwambia dereva, nimeandika kwenye kitabu changu kwa wino mwekundu. Safari ya kwanza ya namna hiyo ni tarehe 2 Oktoba, kabla ya hapo napelekwa upande wa Cornwall, huku huku Uingereza.

Akisema "atakuja", mwambie ndiyo. Haidhuru kitu.

Nisalimie Thibaud akitia nanga.

Gaëtan


Port-Aubert, Ijumaa 3 Oktoba 1986

Gaëtan,

Sikusalimu. Salamu nimezitafuta sikuziona.

Jana saa nane kamili mchana basi lako lilisimama gatini. Nane! Nilikuwa nampigia Mama pasi kola ya blauzi. Nilidhani nimechanganyikiwa kwa kukosa usingizi, nikakimbilia redio ya jirani. Saa nane. Ndipo nikakuelewa. Jumapili huku tulirudisha saa nyuma, kama kila mwaka kiangazi kikiisha. Ninyi huko mpaka mwisho wa mwezi. Kila mtoto wa pwani hii, ng'ambo hii na ng'ambo ile, anajua kwamba Oktoba saa zetu na zao zinalingana, ile tofauti ya saa moja haipo. Wavuvi wanajua, wauza tiketi wa feri wanajua. Wewe, mtoto wa Firmin, umekaa Uingereza umevaa saa ya Uingereza, na kama kawaida yako ukatazama mkono ukaongeza saa moja. Euphrasie alisema gati zima likisikia, "Mwingereza wetu amepotea saa kijijini kwake!" Ningecheka kama Mama angekuwa mzima.

Alikuona. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya pasi. Hakulia mara hii. Aliinuka haraka, sijamwona akiinuka hivyo miaka miwili, akasema, "Ngoja, nakuja!" akatoka mlangoni. Mimi mkono mmoja pasi ya moto, Lison miguuni. Alishuka vidato vitano. Cha sita kikamtupa. Kifundo cha mkono wake wa kulia kimevunjika, na uso wake siwezi kukuandikia.

Nilikuita. Kwa sauti yangu yote, "Gaëtan!" Wazee wako wote waligeuka. Mwavuli ulisimama. Niliuona umesimama, Gaëtan, usinidanganye kwamba hukusikia. Kisha ukashuka, ukafungwa, ukaingia ndani ya basi.

Mzee wa kofia ndogo na mkewe ndio walionisaidia kumwinua. Wageni. Yule bibi alikuwa akilia, ananiuliza, "Huyo kijana wetu unamfahamu?" Nikamwambia hapana.

Clémence


Newhaven, 24 Oktoba 1986

Dada,

Barua hii ni ya sita. Tano nimezichoma.

Umeniuliza Juni kwa nini sipandi. Mwaka jana, wiki ya Pasaka, nilipanda. Wewe ulikuwa umekwenda kliniki, ujauzito wako ulikuwa mchanga. Ilikuwa Alhamisi. Nilifuta viatu kama tulivyofundishwa, nikasukuma mlango. Mama alikuwa jikoni. Aligeuka, akanitazama, sufuria ikamponyoka. Akasema, "Firmin."

Unajua nilivyofanana naye. Sasa nakaribia umri aliopotea nao, hata nywele zimeanza kunyonyoka pale pale. Nilifungua mdomo niseme, hapana Mama, ni mimi. Lakini uso wake, Clémence. Uso wake ulikuwa kama taa iliyowashwa. Nikasema, "Ndiyo. Nimerudi."

Tulikaa saa nzima. Alinishika mkono. Alinieleza habari zetu, mimi na wewe, jinsi tunavyokua. Kuhusu mimi alisema, "Huyu wa kwanza ana moyo laini, bahari haimfai." Nilipoinuka aliniuliza nitarudi lini. Nikasema Alhamisi.

Basi. Alhamisi iliyofuata sikuweza. Wala ile nyingine. Nikiwa Firmin ni dhambi, nikiwa Gaëtan namwua Firmin mbele ya macho yake. Kampuni iliponipa njia hii na Port-Aubert ndani yake, nilidhani nikisimama pale chini, Alhamisi, ni kama nimetimiza nusu ya ahadi. Ilibidi niwaambie wageni kitu, maana walikuwa wanamtazama. Nikawaambia anangoja. Hilo halikuwa uongo. Nilijua anangoja kwa sababu mimi ndiye niliyemngojesha.

Nilikusikia ukiniita. Miguu ilikataa.

Gaëtan


Port-Aubert, 29 Oktoba 1986

Gaëtan,

Barua yako niliisoma nikimnyonyesha Lison. Maziwa yakakata. Amelia mpaka jioni, hilo pia liandike kwenye kitabu chako kwa wino mwekundu.

Miezi kumi na nane nimemvika mama yangu blauzi ya bluu kwa mikono hii. Nilimsuka nywele. Nilimwuliza kuna nini, akanicheka kama msichana, na wewe ulikuwa unajua. Mimi niliuliza mwezi wa sita. Ukaniuliza kama ni kweli anaivaa. Ulikuwa unataka nini, nikuambie inampendeza?

Sitakupa pole. Wote tungependa kuwa taa ya uso wa mtu kwa saa moja halafu twende zetu. Mimi naye asubuhi, mchana na jioni, ananiita Clémence, ananiita sista, ananiita "wewe msichana". Siku moja aliniita mwizi, kwa sababu nilichukua kikombe chake kukiosha. Na kesho yake namwamsha. Kumpenda mtu ni hiyo kesho yake.

Msimu umekwisha. Huna basi, huna mwavuli, huna dereva wa kumsingizia. Saa zenu zimerudi nyuma Jumapili, kwa hiyo tofauti imerudi ile ile: ongeza saa moja, safari hii utakuwa umepatia. Alhamisi tarehe 13 Novemba, saa tisa za huku, utapanda. Nitakapokuona unaanza kidato cha kwanza nitamchukua mtoto nishuke, nikupishe, niende kwa Euphrasie. Sitakuwepo kukusaidia.

Sema jina lako. Usiseme la marehemu. Mwambie ulimdanganya. Akilia, kaa sakafuni umshike miguu, ndivyo inavyofanywa. Mimi nimefanya mara tatu, hii moja ni yako.

Usipokuja, usiniandikie tena.

Clémence


Newhaven, 16 Novemba 1986

Dada,

Nilikuona ukishuka. Ulinipita bila kunitazama, ila Lison alinitazama. Ana macho ya Mama.

Nilifanya ulivyosema. Nilisimama kwenye mkeka wa mlangoni nikifuta viatu mpaka nikaona aibu, kisha nikaingia. Alikuwa dirishani, mkono na plasta yake kwenye mto. Nikasema, "Mama, ni mimi Gaëtan, mwanao." Nikapiga magoti. Nikamwambia mwaka jana nilijiita Baba na haikuwa kweli, Baba alipotea baharini mwaka wa sabini na moja, yeye alimzika, akatulea kwa moshi wa heringi, hakumngoja mtu. Nilisema yote.

Hakulia. Afadhali angelia. Alinitazama viatu, muda mrefu, viatu tu. Kisha akaniambia, "Kuna biskuti kwenye kopo." Nikamletea, akala moja, akageukia dirisha. Nilikaa mpaka giza likaingia, naye bado amenipa mgongo. Nilipoaga sikujua niage kama nani.

Nadhani hakunisikia, au amenisikia na nimekwisha kwake. Pengine ni heri nisimsumbue tena. Nitatuma kitu kila mwezi kwa ajili ya mahitaji yake, na kampuni nimeiambia wafute Port-Aubert kwenye ratiba ya mwakani. Ulikuwa na haki kwa yote.

Gaëtan


Port-Aubert, Ijumaa 21 Novemba 1986

Kaka Gaëtan,

Salamu. Tu wazima. Lison amesimama kwa kushika kiti. Thibaud yuko nyumbani wiki nzima kwa sababu ya dhoruba, ameuona mguu wa mwanawe kwa macho yake, amejisifu kwa Euphrasie kana kwamba yeye ndiye aliyesimama.

Hasira yangu ipo, usidhani imekwenda. Nimeikunja nimeiweka kabatini na mashuka ya baridi, nitaitoa nikiihitaji. Lakini kuna jambo lazima ulijue, na ukilikimbia hili sitakuwa na barua nyingine ya kukuandikia.

Jana ilikuwa Alhamisi. Sikumwambia. Blauzi ya bluu niliificha kwenye kapu la nguo chafu, nikasema basi, yamekwisha, tupumzike. Saa saba akaanza kuvuta kiti kwa mkono wake mmoja mzima, krr, krr, sakafu nzima, mpaka dirishani. Nikamwambia kwa upole niwezavyo, "Mama, hakuna wa kungoja. Baba amekufa. Gaëtan alikuja akakuambia."

Akanitazama kama mimi ndiye niliyepoteza akili.

"Najua Firmin amekufa," akasema. "Mimi ndiye niliyemzika."

"Basi unamngoja nani?"

"Yule aliyekuja Pasaka. Aliyekuja juzi. Anayesema uongo na kusema kweli kwa sauti ile ile."

"Ulijua kwamba si Baba?"

Akacheka kile kicheko chake cha Alhamisi. "Wewe msichana, Firmin alifuta viatu lini? Huyu anafuta. Wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa kwanza tena. Nilimfundisha mwenyewe, alikuwa hajafika urefu wa kitasa."

Nilikaa pale pale sakafuni. Nikamwuliza, kama alijua, mbona alikuita Firmin? Lakini alikuwa ameshaondoka tena, ananiuliza mimi ni sista gani. Sijui pale Pasaka alijua mwanzo, au mwisho, au anajua Alhamisi na kusahau Ijumaa. Daktari hatajua pia. Ninachojua ni kwamba alikaa dirishani mpaka taa za gati zikawashwa, bila blauzi ya bluu, na hakuna aliyekuja, na safari hii hakumlilia marehemu. Alikulilia wewe.

Huo msaada wa kila mwezi unaosema, usiutume. Lete miguu.

Alhamisi ijayo feri inafika saa saba na robo za huku. Nimeuliza, usinitafutie hesabu. Mkeka wa zamani ulikuwa umelainika kwa uzee, nimenunua mwingine, mgumu wa minazi. Dirisha na mlango nitaviacha wazi hata kukiwa na baridi. Usibishe hodi, usiite jina la mtu yeyote. Futa viatu kwa nguvu, asikie.

Dada yako,
Clémence